Waridi Namba Tatu

Ilikuwako nchi moja, na jina lake halitatajwa hapa, kwa sababu wenye nchi hawapendi kutajwa bila kibali. Yatosha kusema kwamba ilikuwa na bendera, ilikuwa na wimbo, na ilikuwa na Rais aliyeitwa kwa heshima Mtukufu Baba Mlezi, kwa kuwa alikuwa amewalea watu wake miaka ishirini na sita bila hata mmoja wao kukua.

Mwaka mmoja Baba Mlezi alikwenda ng'ambo kwenye mkutano wa wakuu wa nchi. Wakapigwa picha ya pamoja, naye akatabasamu. Kesho yake picha ikatoka gazetini, kubwa, na ndani ya tabasamu lile, juu ya meno meupe yasiyo na doa, zikaonekana fizi nyeusi kama zambarau zilizoiva. Zilikuwa fizi za kawaida kabisa, kama za mama yake, kama za bibi yake, kama za karibu kila mtu katika nchi anayoilea. Lakini pichani alikuwa amesimama katikati ya wakuu wawili ambao fizi zao zilikuwa nyekundu kama nyama ya buchani, naye akajiona mgonjwa.

Alirudi nyumbani hasemi na mtu. Baraza la Mawaziri likakaa siku tisa mfululizo. Siku ya kumi Waziri wa Afya, Mheshimiwa Erasto Lugeleka, akahutubia redioni.

“Ndugu wananchi,” alisema, “siku zote mmeambiwa adui zenu ni watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Leo serikali yenu sikivu imemgundua wa nne. Amejificha mahali ambapo hakuna aliyewaza kumtafuta, nyuma ya midomo yenu! Adui huyo ni Giza la Ufizi. Taifa lenye fizi nyeusi haliwezi kutabasamu mbele ya mwekezaji. Na taifa lisilotabasamu mbele ya mwekezaji, ndugu zangu, litatabasamu mbele ya nani?”

Hakuna aliyejibu, maana redio haijibiwi.

Siku ileile Wizara ya Afya ikaitwa Wizara ya Afya na Mwonekano. Wiki iliyofuata neno Afya likaondolewa, kwa sababu kibao cha mlangoni hakikutosha maneno yote.

*

Katika wilaya moja ya mbali, iliyoitwa Kandawe, alikuwako tabibu wa meno aitwaye Nyamizi Lugendo. Wagonjwa walimwita dokta, naye alishachoka kuwasahihisha. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na minne, mfupi, mwenye mikono yenye nguvu kama ya msusi wa mikeka, na kwa miaka kumi na saba alikuwa amewang'oa watu meno katika chumba kimoja chenye kiti kimoja na dirisha moja. Wilaya nzima ilikuwa na tabibu wa meno mmoja, naye ni yeye.

Mwaka ule alikuwa hana ganzi. Miezi saba alikuwa ameandika barua kuomba ganzi, na miezi saba alikuwa amejibiwa kwamba barua yake inafanyiwa kazi. Aliyeweza kuvumilia alikamata mikono ya kiti, akauma kitambaa kwa upande mzima, na Nyamizi akang'oa jino likiwa hai. Asiyeweza alirudi nyumbani na jino lake.

Mmoja wa waliorudi na jino lake alikuwa Kabula binti Shigela. Huyu alikuwa mfyatua tofali pale tanurini, yeye na mumewe Lubinza, na mji mzima ulimjua kwa mdomo wake, maana hakuna aliyepita karibu na tanuri bila kutupiwa neno la kumchekesha.

“Dokta, jino hili linapiga ngoma usiku na mchana,” Kabula alimwambia, amejishika shavu, “na mimi sikumwalika mtu harusi.”

Nyamizi akatazama. Gego la chini, limetoboka hadi kwenye mzizi.

“Hili ni la kutoka leo, mdogo wangu. Lakini ganzi sina. Nikilitoa utaumia.”

“Nitaumia kiasi gani?”

“Sana.”

Kabula akafikiri. “Nina tofali elfu mbili za kupanga tanurini wiki hii. Niache nizipange. Ganzi ikija, nitumie mtu, nitakuja mbio.”

“Likivimba, usingoje ganzi. Njoo hivyohivyo.”

“Nitakuja, dokta. Nikifa nani atawatukana watu wa Kandawe?”

Akaondoka anacheka, na fizi zake nyeusi zikang'aa juani, na Nyamizi aliyemtazama hakuona adui yeyote.

*

Siku nne baadaye lori la serikali liliingia hospitalini na sanduku kubwa la mbao. Nyamizi alilikimbilia na glavu mkononi. Lilipofunguliwa, aliona kwanza ganzi: katoni sita. Akakaribia kupiga vigelegele. Chini yake kulikuwa na dawa za sindano za kuua vijidudu, ambazo hospitali haikuwa imeziona tangu masika. Na chini kabisa, imefungwa kwenye sponji kama yai, mashine ya kuchoma kwa mwanga, ya kuondoa weusi kwenye fizi.

Aliyekuja na sanduku alikuwa kijana mnene mwenye tai, jina lake Philbert Sokolo, na cheo chake kilikuwa kipya kuliko viatu vyake: Afisa Tabasamu wa Wilaya. Hakuwa amesomea meno. Alikuwa amesomea kupokea wageni.

“Asante sana, baba,” Nyamizi alisema, akinyanyua katoni ya kwanza. “Nina wagonjwa thelathini na watano wanangoja hii.”

Sokolo akaiwekea mkono juu. “Soma muhuri, mama.”

Muhuri ulisema: KWA FIZI ZA TAIFA TU.

“Hii ni mali ya Mpango,” Sokolo alieleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kuvaa shati. “Anayesafishwa fizi anapata ganzi, asiumie. Baada ya hapo anapata dawa, asioze. Wa jino hayumo kwenye Mpango.”

“Jino na fizi viko mdomo mmoja.”

“Lakini haviko bajeti moja.”

Ganzi na dawa vikaingizwa katika kabati la chuma, kabati likatiwa kufuli, na ufunguo ukaning'inia shingoni mwa Sokolo, karibu na tai.

Kisha akamkabidhi Nyamizi kadi ya rangi. Ilikuwa na waridi saba zilizopangwa, kutoka Waridi Namba Moja, iliyofifia kama karatasi ya kufungia sabuni, hadi Waridi Namba Saba, nyekundu kama kidonda. Rangi ya Taifa, kwa azimio la Baraza la Mawaziri, ilikuwa Waridi Namba Tatu.

“Na huu?” Nyamizi aliuliza. Pembeni mwa kadi kulikuwa na mraba mweusi usio na namba.

“Huyo ndiye mgonjwa.”

“Bwana Sokolo, huu si ugonjwa. Ni rangi. Ni hiihii iliyo kwenye mkono wangu na kwenye mkono wako. Ukiichubua hapa, na ngozi nayo utafanyaje?”

Sokolo akatazama mlangoni, akashusha sauti. “Ngozi usiwe na haraka nayo, mama. Kamati bado inakaa.”

*

Wakaanza na watumishi wa umma. Getini pa kila ofisi aliwekwa mgambo mwenye kadi na tochi. “Fungua mdomo!” Mwenye waridi aliingia kazini, mwenye giza alielekezwa hospitalini. Walikuja walimu, makarani, mabwana shamba. Alikuja kadhi, akaja mchungaji naye, wakakaa benchi moja bila kusalimiana. Nyamizi aliwachoma na kuwachubua kuanzia asubuhi hadi kiti kikapata joto. Aliwapa ganzi, lakini ganzi huisha, na walipofika majumbani fizi zao zilikuwa nyama tupu. Kandawe nzima ilikunywa uji wa baridi. Walimu walifundisha wakiwa wamefumba midomo, na wanafunzi wakafaulu vilevile.

Mwalimu mkuu mmoja mstaafu, aliyezuiwa getini alipofuata pensheni, alimuuliza, akitokwa na machozi, “Hivi, mwanangu, mimi fizi zangu nani alikuwa anaziona? Mke wangu alishafariki.”

Nyamizi akampa pamba ya kufutia machozi. Jioni alikwenda nyumbani ananuka nyama iliyoungua, na hasira ikamkaa kifuani kama mfupa wa samaki, haimezeki wala haitemeki. Aliandika barua. Akajibiwa kwamba inafanyiwa kazi.

Kwa Kabula hakutuma mtu. Angetuma amwambie nini? Kwamba ganzi imekuja na imefungiwa?

*

Wiki ya tatu, siku ya Jumatano, Lubinza aliingia hospitalini akisukuma mkokoteni wa tofali. Ndani yake, juu ya magunia, alikuwa mkewe.

Nyamizi alipomwona alijua. Uvimbe ulikuwa umetoka kwenye taya, umeshuka shingoni, mgumu kama ubao. Ulimi ulikuwa umesukumwa juu, mate yanamtiririka, na kila pumzi ilipita kwa mlio mwembamba kama wa mlango wenye kutu. Yule mwanamke wa kutupia watu maneno hakuweza kusema hata moja. Alimshika tu Nyamizi mkono.

“Tangu lini?”

“Jana asubuhi lilivimba kidogo,” Lubinza alisema. “Usiku likapanda. Dokta, msaidie mwenzangu.”

Nyamizi akatoka mbio hadi kwa Sokolo, aliyekuwa akipanga kwaya. Maana, Mungu hakosi mzaha, wiki ileile Baba Mlezi alikuwa anakuja Kandawe kukagua fizi.

“Nipe ufunguo. Nataka ganzi moja na dawa za sindano, na gari la wagonjwa limpeleke mkoani. Usaha umeshuka shingoni, utamziba pumzi.”

“Ana fomu?”

“Ana masaa, Sokolo! Hana fomu!”

Sokolo hakuwa mtu katili, na hilo ndilo lililokuwa baya. Alitoka mwenyewe akamwangalia mgonjwa, akasikitika kweli, akatikisa kichwa. Akachukua fomu, kalamu na kadi ya rangi. “Afungue mdomo nimwandike, aingie kwenye Mpango kama mtu wa fizi. Hapo dawa ni haki yake.”

“Hawezi kufungua mdomo. Ndio ugonjwa wenyewe.”

“Asipofungua, rangi siioni. Nisipoiona rangi, naandika nini?” Akaangalia karatasi kwa dhiki ya mtu anayetaka kusaidia. “Labda Mkuu wa Wilaya aniidhinishe kwa maandishi. Saini moja tu.”

“Na gari?”

Gari la wagonjwa lilikuwa gereji, linapakwa rangi ya waridi kwa ajili ya msafara.

Nyamizi alisimama mbele ya kabati la chuma. Kufuli lilikuwa dogo. Nyuma ya mlango palikuwa na nondo ya kuzuilia dirisha. Aliitazama nondo, akalitazama kufuli, akafikiri miaka kumi na saba ya kazi, akafikiri watoto wake wawili shuleni. Kisha akatimua mbio kwenda kwa Mkuu wa Wilaya kutafuta saini.

Mkuu wa Wilaya alikuwa kikaoni. Katibu wake akamwambia aketi. Akaketi. Kikao kilikuwa kinajadili kama mapokezi yawe na tabasamu la meno ya juu peke yake au ya juu na chini. Nyamizi akainuka, akagonga, akaambiwa aketi. Akagonga tena. Kikao kilipopiga kura, mlango ukafunguliwa, saini ikapatikana kwa dakika moja, tena na pole.

Aliporudi anahema, karatasi mkononi, Lubinza alikuwa ameketi chini kando ya benchi, amempakata mkewe. Ule mlio mwembamba haukuwepo tena.

“Amekungoja,” Lubinza alisema.

Sokolo aliipokea ile saini, akaifaili. Na kwa kuwa kila kifo lazima kiwe na sababu, akajaza: Giza la Ufizi, hatua ya mwisho. Siku mbili baadaye Mheshimiwa Lugeleka alisema redioni, kwa sauti ya msiba, kwamba adui wa nne sasa ameanza kuua, na kwamba Mpango utaongezewa mashine mia.

Nyamizi alisikia akiwa anakula. Aliisukuma sahani. Hakulia. Alichosema, na jirani aliyekuwa anakula naye alimsikia vizuri, ni hiki: “Nondo ilikuwa pale. Nondo ilikuwa palepale.”

*

Jumamosi Baba Mlezi akaja. Uwanja wa mpira ulijaa. Walimu walipangwa mbele kwa mpangilio wa waridi. Bendi ya polisi ilikaa upande wa kulia, na Mheshimiwa Lugeleka akatoa hotuba ya saa moja na robo, ambayo ndani yake neno “tabasamu” lilitajwa mara sabini na neno “jino” halikutajwa.

Halafu ikafika sehemu kuu. Baba Mlezi angefungua mdomo mbele ya wananchi, tabibu wa wilaya angeweka kadi kando ya ufizi wake mtukufu, na kutangaza kwenye kipaza sauti: “Waridi Namba Tatu!” Bendi ingepiga. Nyamizi alikuwa amefanyishwa mazoezi ya maneno hayo matatu kutwa nzima.

Akapanda jukwaani na koti jeupe. Baba Mlezi akaketi, akaegemea, akafungua mdomo. Nyamizi akawasha tochi.

Mtu anayeijua kazi yake huona upesi. Kwanza aliona rangi ya midomo, ya wanawake, imepakwa juu ya ufizi kwa uangalifu. Chini ya rangi ile, kwenye mizizi ya meno ya mbele, palikuwa na madoa. Yalianzia pembeni, yakaungana katikati, yakapanda. Ilikuwa miezi minane tangu arudi ng'ambo kuchubuliwa, wa kwanza katika taifa kama magazeti yalivyotangaza, na weusi ulikuwa unarudi nyumbani, taratibu, bila kuomba kibali.

Akakumbuka watu mia nne na kumi na wawili aliowachubua kwa mkono wake. Akakumbuka mkono uliomshika yeye Jumatano.

“Sema,” Waziri alimnong'oneza. “Waridi…”

Nyamizi akachukua pamba, akafuta ufizi wa Rais mara moja, kutoka kushoto kwenda kulia, kama anavyofutwa mtoto mdomo. Akaiinua pamba juu, watu waione ilivyotoka na rangi. Kisha akasogea kwenye kipaza sauti.

“Ni nyeusi,” alisema.

Akaigeuza pamba, watu wa upande wa pili nao waione.

“Imerudi. Na za kwenu zitarudi, msihangaike. Haukuwa ugonjwa. Mimi nilijua haukuwa ugonjwa, na niliwachoma hivyohivyo, na nawaomba radhi. Lakini hapa Kandawe kuna mtu amekufa. Redioni wamemwita mwananchi mmoja. Anaitwa Kabula binti Shigela. Amekufa kwa jino bovu, kando ya benchi, na dawa yake ilikuwa hatua kumi na mbili kutoka alipolala. Nimezipima kwa miguu yangu. Ilifungiwa kabatini ikingoja fizi zetu!”

“Bendi!” Waziri alipiga kelele. “Pigeni! Pigeni!”

Bendi ilinyanyua matarumbeta. Lakini wapigaji wote walikuwa wamechubuliwa Alhamisi, kwa amri ya Waziri mwenyewe, na hakuna aliyeweza kubana midomo. Palitoka mlio mmoja tu, kama wa mbuzi, ukakatika.

Kutoka nyuma kabisa ya uwanja sauti ya mwanamume ikasikika. Ilikuwa ya Lubinza.

“Mtaje tena!”

“Kabula binti Shigela!” Nyamizi alisema, na hapo kipaza sauti kikazimwa, na askari wawili wakamvamia.

Lakini jina lilikuwa limeshashuka jukwaani. Mwanamke mmoja wa tanurini alilitaja. Mwalimu mkuu mstaafu akalitaja, kwa shida, na midomo yake mibovu. Likaenda mstari hadi mstari, wala halikupigiwa kelele. Walilitamka tu, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyelitamka ilimlazimu afungue mdomo. Baba Mlezi aliinuka akaziba wake kwa leso, akaondoka katika gari la wagonjwa, kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu.

*

Nyamizi alishtakiwa kwa kufichua siri ya taifa iliyohifadhiwa kinywani mwa Rais. Hakimu alisoma hukumu ameuficha mdomo wake nyuma ya faili, maana naye weusi ulikuwa umeshamrudia. Miezi kumi. Kazi na kiinua mgongo vikaenda.

Mpango haukufa kwa aibu, kwa kuwa katika nchi ile aibu haikuwahi kumuua mtu wa serikali. Ulibadilishwa jina. Ikatangazwa kwamba uchunguzi wa kina umeonyesha Giza la Ufizi ni tunu ya asili, na kwamba tatizo halisi la taifa ni vigimbi. Lugeleka akabaki Waziri. Sokolo akapandishwa, akawa Mkurugenzi wa Miguu. Mashine ya mwanga iliachwa Kandawe, na kuku wa mlinzi wakataga juu yake. Ganzi iliisha muda wake ndani ya kabati, katoni nne nzima, kufuli likiwa salama.

Nyamizi alipotoka gerezani alikuwa amekonda, na mvi zimemvaa mbele. Alifika nyumbani kwake asubuhi na kifurushi kimoja. Nje ya ua alikuta tofali. Zilikuwa zimepangwa safi, tofali za kuchoma, nyekundu, nyingi kupita haja ya mtu mmoja. Lubinza alikuwa ameketi juu yake.

Walisalimiana.

“Sikuvunja lile kabati, shemeji,” Nyamizi alisema mwisho. “Nondo ilikuwepo. Nilikwenda kutafuta saini.”

“Najua. Niliiona nondo na mimi.” Lubinza aliyatazama mavumbi ya miguuni pake. “Nilikuwa na mikono miwili, na mimi nikangoja saini yako. Tulifundishwa kungoja, dokta. Nimekasirika mpaka nimechoka, halafu nikapumzika, nikakasirika tena. Ndipo nikafyatua hizi.”

“Za nini?”

“Za chumba. Watu bado wanaumwa meno, na hospitali haijaleta mwingine. Wa tanurini wamechanga, ganzi tumeagiza kwa mtu wa mpakani. Wewe niambie tu, mlango uwe upande gani.”

Nyamizi akaweka kifurushi chini. Alizunguka ua mara moja, akipima kwa hatua. Akasimama upande unaotazama barabara, akapanua mikono yote miwili kwa upana wake wote, na bado akasogeza mguu mmoja mbele zaidi.

“Uwe hapa,” alisema, “na uwe mpana. Mkokoteni upite bila kusimama.”